Fundi bomba, karatasi zako ziko wapi?

Ndugu msomaji, wiki hii hatuzungumzii viti vya bunge wala nani kahama chama gani. Wiki hii tunazungumzia spana.

Wewe kijana unayesoma gazeti hili kijiweni, mfuko wa vifaa uko katikati ya miguu yako, unangoja mtu apige honi aseme "bomba limepasuka Mbezi, panda twende", tahariri hii ni yako. Unajua kukata bomba kwa msumeno likae sawa. Unajua kufunga mita, simtanki, sinki na choo cha kuvuta. Ukisikia maji yanavuja ukutani unajua yanatokea wapi kabla hujabomoa tofali. Sasa tuseme bahati imekuangukia, ya ndoa, ya ndugu au ya viza, ukajikuta Toronto. Kule hawatakuuliza unajua nini. Watakuuliza: karatasi zako ziko wapi?

Jamaa mmoja wa mtaani kwetu Buguruni, ambaye jina lake tunalihifadhi, aliulizwa swali hilo. Huyu alianza usaidia fundi akiwa na miaka 17, mara tu matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na jina lake likakosekana kwenye orodha ya waliochaguliwa kuendelea. Kwa miaka 12 alilala na kuamka na mabomba. Amefunga maji kwenye maghorofa ya Kariakoo, kwenye hoteli moja ya ufukweni na kwenye majumba ya wakubwa huko Mikocheni. Mkewe akapata makaratasi ya Canada, naye akamfuata. Tulimsindikiza uwanja wa ndege kwa vigelegele. Tukasema huyu ameukata, maana ufundi ni ufundi: maji yakiteremka Dar, na Toronto yanateremka.

Leo fundi huyo anapanga maboksi kwenye ghala, zamu ya usiku.

Usicheke, ndugu msomaji. Si mvivu, si mlevi, na mikono yake haijasahau kazi. Wengine watakimbilia kusema ni ubaguzi. Ubaguzi upo, hatukatai. Lakini katika jambo hili tukiishia kuwalaumu Wazungu tutakuwa tunajidanganya. Tatizo la huyu jamaa lilianza hapa hapa nyumbani, miaka mingi kabla hajapanda ndege. Sikiliza.

Katika jimbo la Ontario, ambako ndiko Toronto iliko, ufundi bomba si kazi ya kila mwenye spana. Ni miongoni mwa kazi ambazo sheria imezifungia mlango. Huruhusiwi kuifanya mpaka uwe na cheti cha sifa, au uwe umeandikishwa kama mwanagenzi chini ya fundi mwenye cheti. Chombo kinachosimamia mambo hayo kinaitwa Skilled Trades Ontario, kilianza kazi mwaka 2022 kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2021. Kazi yetu ina hata namba yake kwenye vitabu vyao: 306A. Wakaguzi wa wizara ya kazi hupita kwenye maeneo ya ujenzi na kutaka kuona vyeti, kama trafiki wetu anavyotaka leseni, ila kule usijaribu kumpooza mtu kwa elfu tano.

Kijana aliyezaliwa kule anakipataje cheti hicho? Anatafuta mwajiri wa kumchukua, anaandikishwa mwanagenzi, anafanya kazi na kulipwa huku anajifunza. Jumla yake ni saa 9,000. Kati ya hizo, saa 8,280 ni za kazini na saa 720 ni za darasani, zimegawanywa mara tatu, saa 240 kila ngazi. Inamchukua kama miaka mitano. Akimaliza anakaa mtihani wa kuchagua majibu, wa saa 4. Asiyefikisha alama 70 kwa 100 ameanguka. Anayefaulu anapewa cheti chenye alama ya Muhuri Mwekundu, kwao wanaiita Red Seal, na kwa alama hiyo anaweza kufanya kazi hata kwenye majimbo mengine ya Canada.

Na wewe uliyejifunzia Buguruni je? Hawakufukuzi. Kuna utaratibu wa kupima kama uzoefu wako wa nyumbani unalingana na ule wa mwanagenzi wao. Unapeleka ushahidi, wanausoma, wakiridhika wanakuruhusu kwenda moja kwa moja kwenye mtihani bila kurudia ile miaka mitano. Kuna hata cheti cha muda ambacho aliyekubaliwa anaweza kukiomba ili afanye kazi huku anajiandaa. Zaidi ya hapo, tangu Desemba 2023 sheria ya Ontario inawakataza wasimamizi wa kazi hizi kudai kwamba lazima mwombaji awe amefanya kazi Canada kwanza, isipokuwa pale walipopewa msamaha maalumu. Kwa hiyo mlango upo, na ufunguo wake ni karatasi.

Karatasi zenyewe ni zipi? Ni barua za waajiri. Si barua ya kusema "tunamfahamu huyu, ni kijana mzuri". Ni barua yenye tarehe uliyoanza na tarehe uliyoacha, saa ulizofanya kazi, na kazi zenyewe moja moja: maji safi, maji taka, vyoo, mabomba ya maji moto, mitambo ya kusukuma maji. Iwe na sahihi ya mtu anayejulikana na namba ambayo wakipiga ataipokea mtu. Kama imeandikwa Kiswahili, itafsiriwe Kiingereza au Kifaransa. Kama ulijiajiri mwenyewe, uwe na mikataba, ankara na stakabadhi.

Sasa tuulizane kiume. Fundi gani wa kijiweni ana ankara?

Jamaa yetu alipiga simu usiku mmoja. Akasema, "Kaka, naomba unisaidie. Nenda kwa wale niliowafanyia kazi, uniletee barua." Mwandishi wa tahariri hii alitumia karibu wiki tatu kuzunguka jiji hili akitafuta ushahidi kwamba mtu amewahi kufanya kazi. Haya ndiyo aliyoyakuta.

Tulianzia kwa mkandarasi mmoja ambaye jamaa alimfanyia kazi miaka 4 mfululizo. Karani alivuta majalada, akafunua, akafunga. Akasema, "Huyu hayumo." Tukamwambia alikuwepo, mafundi wenzake wapo, hata jengo lipo na maji yanatoka. Akajibu kwamba vibarua walikuwa wanaandikwa kwenye daftari la nyapara, na nyapara alipoondoka aliondoka nalo. Kisha akashusha sauti, akasema barua inaweza kupatikana kama tuna "chochote". Tukamwambia hatukuja kununua barua, tumekuja kuchukua haki ya mtu. Akatuonyesha mlango.

Tukaenda kwenye ile hoteli. Imebadili wenyewe mara mbili, mhasibu mpya hamjui mtu. Lakini mkuu wa matengenezo ni yule yule wa zamani. Alipolisikia jina alicheka, akasema kuna bomba la jikoni ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulitibu. Akatuandikia barua kwenye karatasi ya hoteli, miaka 2 na miezi 3, akaorodhesha kazi, akagonga muhuri. Hakutaka hata soda. Watu wa namna hiyo bado wapo nchini, na tunamshukuru.

Mwisho tukaenda Ilala kwa mzee aliyemfundisha kazi. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, karibuni." Tukamweleza. Mzee akakaa kimya kitambo. Akasema, "Yule nimemfundisha mimi, na mkono wake umekuja kuwa mwepesi kuliko wangu. Lakini barua, mwanangu, mimi mwenyewe ni nani aliwahi kunipa barua?" Amefanya kazi hii miaka zaidi ya 40 na hana karatasi hata moja yenye jina lake na neno fundi. Akaomba karatasi ya daftari la mjukuu wake, akaandika kwa mkono wake, polepole, mistari kumi na moja. Tukampeleka kwa wakili ikathibitishwa.

Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Saa 40 kwa wiki, kwa miaka 4, ni zaidi ya saa 8,000. Saa hizo zimekauka kama maji yaliyomwagwa mchangani. Karibu uanagenzi mzima wa Ontario umepotea kwenye daftari la nyapara. Jamaa amebaki na barua mbili, na ombi lake bado linasubiri jibu. Wakisema saa hazitoshi, itabidi aandikishwe mwanagenzi, mtu mzima mwenye watoto, amshikie spana kijana wa miaka 20.

Tuseme ukweli wote, hata ule usiotupendeza. Barua pekee hazimalizi kazi. Jamaa mwenyewe anakiri kwamba ule msemo wetu wa "maji yakiteremka Dar" ulikuwa nusu ya habari. Hapa tunapitisha bomba juu ya ardhi, ukutani, hata juu ya bati. Toronto bomba la maji linazikwa chini zaidi ya mita 1.2, maana baridi inashuka ardhini na maji yakiganda bomba linapasuka. Bomba la maji taka la inchi 3 kushuka chini lazima liwe na mteremko usiopungua sentimita 2 kwa kila mita. Mabomba ya kupitishia hewa, ambayo sisi mara nyingi tunayaruka ili kumpunguzia mwenye nyumba gharama, kule yana kanuni zake na vipimo vyake. Nyumba nyingine zinapashwa joto kwa maji moto yanayozunguka kwenye mabomba, kitu ambacho fundi wa Dar hajawahi kukiona. Mengi ya hayo yamo kwenye sheria yao ya majengo, sehemu ya 7, na mtihani unataka uyajue kwa lugha yao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi anayedhani atafaulu kwa uzoefu wa mikono peke yake ataanguka, na kurudia mtihani ni kulipa upya.

Tena usidhani ni Ontario peke yake. Marekani haina leseni moja ya fundi bomba kwa nchi nzima: majimbo mengi yana bodi zao, na kwingine ni mji wenyewe ndio unaotoa. Uingereza hawadai leseni kwa kazi ya kawaida ya mabomba ya maji, lakini ukigusa gesi ni lazima uwe kwenye daftari la Gas Safe, lililoanza mwaka 2009, na majiko na mitambo ya maji moto mingi kule ni ya gesi. Na Canada hiyo hiyo ina mpango wa uhamiaji wa mafundi tangu mwaka 2013. Unataka uzoefu wa miaka 2 ndani ya miaka 5 iliyopita, kiwango fulani cha Kiingereza au Kifaransa, halafu uwe na ofa ya kazi au cheti cha jimbo. Shule kubwa si lazima. Mwaka 2023 walianza hata kuteua wahamiaji kwa makundi ya kazi, na mafundi bomba wakawamo. Wanaotuhitaji wapo. Tunachokosa ni uthibitisho.

Wajanja mmekwisha nusa harufu ya biashara hapa. Mwandishi wa tahariri hii naye alifuatwa, pale pale mjini, na kijana aliyejitapa kwamba kwa bei ya simu ya mkononi anaweza kutoa barua za makampuni matatu, mihuri yote, kabla ya saa kumi jioni. Tunakuonya: usithubutu. Mwaka 2017 serikali iliwaondoa kazini watumishi 9,932 kwa vyeti vya kughushi. Habari kama hizo zinasomwa na dunia nzima, na anayeumia ni yule mwenye karatasi halali, ambaye sasa anatazamwa kwa jicho la pembeni. Ukikamatwa na barua ya uongo ugenini, hutapoteza cheti tu, unaweza kupoteza na haki ya kuishi huko.

Sasa tuje kwa wakubwa wetu, maana bila hivyo tahariri hii itakuwa imemwonea fundi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na kazi inapokwisha ampe cheti cha utumishi. Hiyo si hisani, ni sheria ya nchi, imetungwa Dodoma. Je, ni nyapara yupi anaifuata? Ni afisa kazi yupi amewahi kuingia kwenye jengo linalojengwa akauliza daftari la vibarua? Kwenye sherehe za Mei Mosi tunasikia hotuba ndefu. Mei 2 asubuhi kibarua anarudi kulipwa mkononi bila sahihi.

VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Waajiri wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi. Upo pia utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza mtaani anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti bila kuanza darasa la mwanzo. Jambo jema tunalisifu, hata likifanywa na serikali ambayo hatukuipigia kura. Lakini nenda kijiwe chochote cha Tandika au Manzese ukaulize ni wangapi wamelisikia. Fundi umeme anajua kuna leseni ya EWURA. Fundi bomba je, lini mtu alimuuliza leseni? Kiongozi akitaka kura zetu gari la matangazo linafika mpaka uchochoroni. Akitaka kutupa cheti, tangazo linabandikwa ofisini kwake.

Na vigogo wanaosimama majukwaani kuwaambia vijana "changamkieni fursa za nje" watueleze: fursa hizo zinachangamkiwa na nini mkononi? Nchi inayotaka watu wake wafanye kazi ughaibuni kwa heshima huwaandaa wakiwa nyumbani. Isipowaandaa, inapeleka mafundi wakapange maboksi, halafu inasubiri dola wanazotuma kwa mama zao.

Gazeti hili linadai mambo matatu. Kwanza, maafisa kazi waende kwenye majengo yanayojengwa, na mwajiri asiyetoa cheti cha utumishi afikishwe panapohusika. Pili, upimaji wa ujuzi wa mafundi wa mtaani uletwe vijiweni, kwa ada ambayo saidia fundi anaweza kuilipa. Tatu, balozi zetu zilizoko kwenye nchi wanakokwenda vijana wetu ziandike kwa Kiswahili chepesi kila nchi inataka karatasi gani kwa kila fani, na maandishi hayo yawe hapa nyumbani kabla mtu hajauza kiwanja cha babake kununua tiketi.

Wakati tukingoja wakubwa waamke, wewe usilale. Leo hii, kabla hujala chakula cha mchana, nunua daftari. Kila kazi unayofanya andika tarehe, mahali, ulichofunga, saa ulizotumia, jina la mwenye kazi na simu yake. Mwombe atie sahihi. Akikushangaa, mwache ashangae. Piga picha ya kazi kabla hujafukia. Mpe risiti hata kama hakuiomba, ubaki na nakala. Ukiacha kazi kwa mkandarasi, dai cheti cha utumishi siku hiyo hiyo, usingoje miaka 10 ndipo umtume rafiki. Nenda VETA Chang'ombe au chuo kilicho karibu, uliza habari za kupimwa ujuzi. Hakikisha jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, cha shule na cha ufundi ni lile lile la kwenye pasi ya kusafiria. Usiwe Juma hapa na Jumanne pale. Na Kiingereza cha kazi yako kisome taratibu, hata ukurasa mmoja kwa siku.

Hutaki kwenda Canada? Vizuri, baki. Daftari hilo hilo litakusaidia siku mkandarasi atakapokudhulumu, siku utakapotaka mkopo, siku utakapotaka kusajili kampuni yako mwenyewe ili uache kupigiwa honi.

Yule mzee wa Ilala alipomaliza kuandika ile mistari kumi na moja, alitukabidhi karatasi, kisha akamwita mjukuu wake anayemsaidia kazi. Akamwambia achane karatasi nyingine kwenye daftari, aandike tarehe ya leo na bomba walilofunga asubuhi. Kijana akauliza ya nini. Mzee akamjibu, "Andika tu. Nami nitatia sahihi."

Nawe kijana wa kijiweni, anza leo.